Ukitaka Programu Yako Huria Ikue, Anza na Historia Yake

Watu wengi wanaoandika programu huamini kwamba kuifanya iwe huria ni kuipakia mtandaoni, kuiwekea leseni na kusubiri wachangiaji. Unapita mwaka, inapita miwili, haji mtu. Ndipo lawama zinapoanza: vijana wavivu, watu hawapendi kujitolea, kila mmoja anataka hela kwanza. Mimi lawama hizo sizikubali. Miradi mingi iliyokufa hivyo ukiichunguza utakuta mgeni hakuwa na njia ya kujaribu lolote bila kwanza kumtafuta mwenye mradi, kujitambulisha, kueleza nia yake na kuomba ruhusa. Nani atahangaika hivyo kwa ajili ya kusahihisha neno moja lililokosewa kwenye skrini?

Chombo kinachoamua jambo hilo ni mfumo wa kutunza matoleo. Leo karibu kila mtu anatumia Git. Kabla yake wengi walitumia Subversion, na kabla ya hapo CVS. Kazi yake ya kila siku inajulikana: inahifadhi kila badiliko la msimbo, nani kalifanya, lini na kwa sababu gani, ili jambo likiharibika mrudi nyuma. Lakini mfumo huohuo ndio unaopanga nani anaweza kujaribu, na kujaribu huko kunamgharimu nini. Mradi hukua au hudumaa hapo. Kwa hiyo ushauri wangu wote humu unaelekea upande mmoja: ipange historia ya programu yako ili mtu usiyemjua aweze kuielewa, kuigusa na kukuletea kazi yake.

Tuanze na Linux, maana ndiko Git ilikotoka. Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na kwa miaka kumi hivi hakutumia mfumo wowote wa kutunza matoleo. Watu walimtumia viraka kwa barua pepe. Kiraka ni faili dogo la maandishi linaloonyesha mistari gani itolewe na mistari gani iwekwe mahali pake. Yeye alivisoma, akavipachika kwenye nakala yake, kisha akatoa kifurushi kipya cha toleo zima. CVS ilikuwepo, akaikataa kwa makusudi. Utaratibu huo ulifaa wachangiaji walipokuwa wachache. Walipoongezeka, viraka vikaanza kupotea njiani. Mtu alituma, kimya. Akatuma tena, kimya. Asijue kama kazi yake imekataliwa au haijaonekana kabisa. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 wenzake walikuwa wakisema wazi kwamba mtu mmoja hawezi tena kuubeba mradi ule kwa barua pepe na kumbukumbu yake.

Mwaka 2002 Torvalds akakubali kutumia BitKeeper, programu ya kibiashara ya kampuni ya BitMover iliyotolewa bure kwa watengenezaji wa programu huria, kwa masharti. Wengi hawakupenda: vipi mradi mkubwa kuliko yote wa programu huria utegemee chombo kisicho huria? Lakini kasi ya kazi iliongezeka, nao wakanyamaza kwa muda. Aprili 2005 kampuni ikaondoa ruhusa ile, baada ya Andrew Tridgell, mwandishi wa programu huria ya Samba, kuchunguza jinsi BitKeeper inavyowasiliana na seva zake ili aandike chombo chake mwenyewe. Torvalds akaiweka Linux kando, akaanza kuandika Git. Tarehe 7 Aprili Git ilikuwa tayari inatunza historia yake yenyewe, na Juni mwaka huohuo toleo la 2.6.12 la Linux likatoka likiwa limetunzwa kwa Git. Siku chache za kuandika, miezi miwili ya kurekebisha, na dunia nzima ya programu ikabadilika.

Kilichobadilika ni hiki. Katika Git kila aliyechukua nakala ana historia yote, tangu siku ya kwanza, kwenye kompyuta yake. Anafungua tawi lake, anavunja, anajenga upya, anakomiti (yaani anahifadhi badiliko kwenye historia) mara mia kwa siku, na hakuna anayehitaji kujua. Akishindwa anafuta, hajamsumbua mtu. Akifanikiwa ndipo anapoleta. Ruhusa inaombwa mwisho, kazi ikiwa tayari inaonekana, badala ya mwanzo ambapo hakuna cha kuonyesha ila maneno. Leo toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, likiwa na mabadiliko zaidi ya elfu kumi kutoka kwa watu zaidi ya elfu moja, na Torvalds hayasomi yote. Anapokea kutoka kwa watunzaji wa sehemu mbalimbali, ambao nao wamepokea kutoka kwa wengine. Na ujue kwamba hadi leo sehemu kubwa ya viraka hivyo husafiri kwa barua pepe, ileile ya mwaka 1991. Vitufe vya rangi kwenye tovuti za kutunza msimbo havina sifa kubwa katika ukuaji ule.

Kabla ya Git, hata miradi iliyojiita huria ilikuwa na watu wa ndani na watu wa nje. CVS iliweka historia yote kwenye seva moja, na mwenye haki ya kuandika humo ndiye aliyekuwa mwenyeji. Wa nje alipata kifurushi cha toleo lililokwisha kutoka, pengine lenye umri wa miezi. Akisahihisha kosa na kulituma, aliweza kuambiwa kwamba wenyewe walikwisha kulisahihisha zamani, ila halijatoka. Theo de Raadt aliyajua haya kwa uchungu. Mwishoni mwa 1994 aliondolewa kwenye kundi kuu la NetBSD, mradi wa mfumo endeshi huria alioshiriki kuuanzisha, na haki yake ya kuingia kwenye seva ikafutwa. Mwaka uliofuata akaanzisha OpenBSD, ambayo iliifungua seva yake ya CVS ili yeyote asome historia yote, badiliko kwa badiliko, bila nywila. Leo tunaliona jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa geni.

GCC, kompaila maarufu ya mradi wa GNU, ilipitia njia kama hiyo. Kazi yake ilifanywa na kundi dogo kwa faragha, na matoleo yakachelewa. Mwaka 1997 baadhi ya watengenezaji wakachoka, wakachukua msimbo, wakaanzisha mradi wa pembeni walioupa jina EGCS, wakaiweka CVS yao wazi. Mradi wa pembeni ukakimbia kuliko wa asili. Aprili 1999 EGCS ikatangazwa rasmi kuwa ndiyo GCC. Msimbo ulikuwa uleule na leseni ileile. Tofauti ilikuwa nani anaona kazi ikiendelea.

Hapo unapata ushauri wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko mwingine: fungua historia, usifungue matokeo tu. Nimeona waandishi wanaofanya kazi miezi sita gizani, kisha wanamwaga kila kitu mtandaoni kwa komiti moja kubwa yenye ujumbe "toleo la kwanza". Msomaji anakutana na mafaili mia tatu na hajui lipi lilitangulia, lipi ni jaribio lililosahaulika, na kwa nini hesabu ya riba inafanywa mara mbili. Historia iliyotunzwa ingemjibu bila kukupigia simu. Unaona aibu kwa sababu komiti zako za mwanzo ni mbovu? Za kila mtu ni mbovu. Mchangiaji mchanga akiziona anapata moyo kwamba hata wewe ulianza kwa kubahatisha.

Sasa tuingie ndani ya komiti moja, maana hapa ndipo miradi yetu mingi inapokosea. Tuseme una programu ya vikundi vya VICOBA inayotunza mikopo na marejesho. Mwanachama amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Programu inagawa riba kwa miezi kumi na miwili, inapata shilingi 833.33, inatupa senti na kuandika 833. Mwisho wa mwaka jumla inakuwa 9,996, ilhali daftari la mweka hazina linasema 10,000. Shilingi nne si kitu, utasema. Jaribu kuwaambia hivyo wanachama thelathini waliokaa wanahesabu. Umelipata kosa, umelirekebisha, na sasa unakomiti. Wengi wangeandika "update", au "marekebisho", au "nimefix". Miezi minane baadaye mtu mwingine ataona mstari ule, atauona wa ajabu, ataurudisha ulivyokuwa, na zile shilingi nne zitarudi.

Ujumbe unaofaa ungekuwa hivi: "Kadiria riba kwenye shilingi nzima mara moja mwishoni, si kila mwezi." Halafu, baada ya mstari mtupu: "Mkopo wa miezi 12 ulikuwa unatofautiana na daftari kwa shilingi 4 kwa sababu tulitupa senti kila mwezi. Daftari la mweka hazina ndilo sahihi. Nimeongeza jaribio linalolinganisha jumla ya mwaka." Mistari mitatu, dakika mbili za kuandika. Atakayekuja anajua nini kilibadilika, kwa nini, na nani mwenye neno la mwisho kati ya programu na daftari. Hilo la mwisho hakuna msimbo unaoweza kulisema.

Komiti ndogo zina faida nyingine ambayo wengi hawajaionja. Git ina amri iitwayo git bisect. Unaiambia: toleo la Januari lilikuwa zima, la leo lina kosa. Inachagua komiti ya katikati, unaijaribu, unajibu nzima au mbovu, inaenda katikati ya nusu iliyobaki. Kukiwa na komiti elfu moja kati ya Januari na leo, utafika kwenye komiti yenyewe kwa majaribio kumi hivi. Mtu ambaye hajui hata nusu ya msimbo wako anaweza kukufanyia kazi hiyo jioni moja na kukuletea jibu. Lakini atafanikiwa tu kama kila komiti inafanya jambo moja na programu inawaka katika kila hatua. Ukikomiti Ijumaa jioni kila ulichofanya wiki nzima, git bisect itakuonyesha Ijumaa, basi.

Kuna kero moja ndogo niitaje hapa kwa sababu inaua kazi nyingi zinazoletwa na wachangiaji wapya. Kijana anarekebisha mistari miwili, lakini kihariri chake kimepanga upya nafasi na mabano ya faili zima. Wewe unaletewa badiliko la mistari mia nne, na ile miwili ya maana imezama humo. Unaahirisha kulisoma, kesho na keshokutwa, kijana anakata tamaa. Dawa yake ni kuweka ndani ya repo (ghala la msimbo na historia yake) faili la kanuni za upangaji ambalo vihariri vinalisoma vyenyewe. Kazi ya robo saa.

Usidhani kwamba kurahisisha kuleta mabadiliko ni heri tupu. Oktoba 2020 lilitokea jambo la kufundisha. Kampuni ya DigitalOcean huwa na tamasha la kila mwaka, Hacktoberfest, na wakati ule aliyetuma maombi manne ya kuunganisha kazi yake (pull request) kwenye miradi huria alipata fulana. Mwaka huo miradi mingi ilifurikwa na maombi ya upuuzi: mtu anaongeza neno la sifa kwenye faili la maelezo, au anahamisha nukta. Watunzaji walitumia siku nzima kufunga takataka. Waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni siku chache tu baada ya tamasha kuanza, ili mradi ushiriki kwa kukubali wenyewe. Chombo kiliondoa gharama ya kutuma. Gharama ya kusoma ikabaki palepale, mabegani mwa watu walewale.

Kwa hiyo ukifungua mlango, jiulize nani atasoma. Mchangiaji wa mara ya kwanza hutazama jambo moja kuliko mengine: alijibiwa baada ya muda gani. Jibu la haraka la "nimeliona, nitalisoma Jumamosi" lina thamani kuliko uhakiki wa kina unaokuja baada ya miezi mitatu. Na ukikataa, kataa kwa sababu iliyoandikwa. Faili fupi linaloeleza unapokea nini na hupokei nini litakuokoa mabishano. Mimi ningeandika humo pia kwamba maombi ya kubadilisha rangi ya vitufe hayapokelewi, lakini kila mtu na mradi wake.

Suala la usalama linahitaji nafasi yake. Novemba 2003, wakati Linux ikitunzwa kwa BitKeeper, kulikuwa na nakala yake pia katika CVS kwa ajili ya wasiopenda BitKeeper. Mtu aliingia kwenye seva ya nakala ile na kuchomeka mistari miwili. Ilionekana kama ukaguzi wa kawaida: kama mtumiaji ametoa machaguo fulani, na kama namba yake ni sifuri, rudisha kosa. Isipokuwa palipotakiwa alama mbili za sawasawa, zinazolinganisha, paliwekwa moja, inayoweka thamani. Namba sifuri ndiyo ya msimamizi mkuu wa mfumo. Yaani yeyote aliyeita sehemu ile ya msimbo kwa machaguo yale angegeuzwa msimamizi mkuu papo hapo. Jicho la kawaida lisingeona. Iligunduliwa kwa sababu nakala ya CVS haikulingana na historia ya asili. Badiliko lile halikuwa na kumbukumbu ya kuidhinishwa popote. Historia iliulinda mradi.

Mwaka 2024 mambo yalikwenda vibaya zaidi, kwa programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, inayotumika karibu kila mahali penye Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa subira kwa miaka miwili hivi, kazi nzuri tu, wakati mtunzaji wa asili akiwa amechoka na akisukumwa na watu wa kumlaumu kwa ucheleweshaji. Hatimaye akapewa haki za utunzaji. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Hapa tega sikio: data mbovu ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio yaliyokuwa kwenye Git, lakini hati iliyoiamsha ilikuwa kwenye vifurushi vya toleo tu. Kwenye Git haikuwemo. Aliyesoma historia hakuiona, na aliyepakua kifurushi hakulinganisha. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliugundua siku za mwisho za Machi kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulikuwa kumechelewa takriban nusu sekunde, naye hakuridhika mpaka ajue kwa nini.

Usiwahi, basi, kutoa kifurushi ambacho hakiwezi kujengwa upya kutoka kwenye historia. Wekea kila toleo alama yake katika Git, itie saini kama unaweza, na acha kifurushi kijengwe na mashine kutoka kwenye alama hiyo, si kwa mikono kwenye kompyuta yako. Faili la majaribio lisilosomeka kwa macho lieleze lilitoka wapi na lilitengenezwaje.

Na kuna hatari ya karibu zaidi kuliko wadukuzi wa kimataifa, ambayo ni funguo. Programu zetu nyingi zinaunganishwa na malipo ya simu, na mwandishi aliye na haraka hubandika ufunguo wa API moja kwa moja ndani ya msimbo. Baadaye anakumbuka, anaufuta, anakomiti, anapumua. Haujafutika. Upo katika komiti ya nyuma, na kuna roboti zinazopita kwenye repo za wazi zikitafuta kitu hichohicho. Kama ulishaupakia, cha kwanza ni kuubatilisha ufunguo huo kwa mtoa huduma na kuchukua mwingine. Kusafisha historia kunafuata baadaye. Vilevile orodha halisi ya wanachama na namba zao za simu uliyoitumia "kwa majaribio tu". Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hata bila sheria ni aibu. Buni majina ya majaribio.

Sasa hali yetu ya intaneti. Git ilizaliwa ikiwa na faida kwetu ambayo waandishi wake pengine hawakuifikiria: haihitaji kuwa mtandaoni. Subversion ilidai seva kwa kila komiti. Git inafanya yote kwenye kompyuta yako, bando likiisha au umeme ukikatika laptopu ikiwa na chaji, kazi inaendelea. Mwenye repo azingatie hili. Usiweke humo video za maelekezo, picha kubwa wala vifurushi vilivyokwisha kujengwa, maana kila atakayechukua nakala atavilipia kwa bando lake, hata vile ulivyovifuta mwaka jana. Kama repo imeshakuwa nzito, waeleze wageni kwamba git clone yenye --depth 1 inaleta hali ya leo bila historia, inatosha kuanza. Na amri ya git bundle inafunga repo nzima katika faili moja linaloweza kusafiri kwa flash. Kwa zahanati au shule yenye mtandao wa kusuasua hii ndiyo njia, na hakuna cha kuonea haya.

Nikitaja zahanati nakumbuka OpenMRS. Mfumo huu wa kumbukumbu za wagonjwa ulitokana na kazi ya kliniki za VVU Eldoret na ukaanza kutumika huko mwaka 2006, halafu ukasambaa nchi nyingi. Historia yake ilianzia Subversion, ikahamia Git. Lakini kilichowawezesha watu wa nchi mbalimbali kuchangia ni kwamba mfumo umegawanywa katika moduli. Mwenye haja ya ripoti ya wizara ya nchi yake anaandika moduli katika repo yake mwenyewe, bila kugusa kiini wala kusubiri idhini ya mtu aliye bara jingine. Kama programu yako ni faili moja la mistari elfu nane, Git haitakusaidia: kila wawili watakaofanya kazi siku moja watagongana palepale. Ligawe kwanza.

Tafsiri nayo ni lango ambalo tunalisahau. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hufanyika kwenye mafaili ya maandishi yenye mistari miwili miwili: maneno ya asili juu, ya Kiswahili chini. Mwalimu wa lugha asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo anaweza kuifanya, na komiti yake ikaingia kwenye historia kwa jina lake sawa na ya mhandisi. Ukitenga maneno ya skrini na msimbo tangu mwanzo, umepata wachangiaji ambao hukuwahi kuwafikiria. Kuhusu lugha ya komiti zenyewe, rai yangu ni hii: kama watumiaji na wachangiaji ni Waswahili, andika Kiswahili bila kuomba radhi, kama unalenga dunia, chagua Kiingereza. Kuchanganya zote mbili katika repo moja ndiko kunakochosha.

Halafu tusichanganye Git na GitHub. Git ni chombo huria. GitHub ni tovuti ya biashara iliyoanza 2008 na kununuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 7.5 mwaka 2018. Inafaa, naitumia, lakini tovuti huja na kuondoka. Google ilifunga huduma yake ya Google Code mwaka 2016. Bitbucket, tovuti nyingine ya namna hiyo, iliacha kutunza miradi ya Mercurial, mfumo mwingine wa kutunza matoleo, mwaka 2020. Aliyekuwa na nakala ya historia yake alihama kwa amri chache. Majadiliano, ripoti za makosa na sababu za maamuzi zilikuwa kwenye tovuti, na kuzihamisha kulikuwa kazi nyingine kabisa. Uamuzi mkubwa uandike kwenye faili ndani ya repo, usiuache kwenye mazungumzo ya tovuti, na usiuache kabisa kwenye kundi la WhatsApp, ambako utapotea kabla ya simu kubadilishwa.

La mwisho ni funguo za namna nyingine: nani anaweza kuunganisha kwenye tawi kuu ukiugua, ukipata kazi mpya, au ukichoka tu? Torvalds aliandika Git Aprili 2005, na Julai ya mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, ambaye hakuwa na umaarufu wowote ila komiti zake zilionekana na zilieleweka. Hamano ndiye anayeitunza mpaka leo. Pitia historia ya mradi wako uone nani amekuletea kazi safi zaidi ya mara moja. Kama yupo, na umemsoma kwa muda wa kutosha, mpe haki ya kuandika kwenye tawi kuu kabla ya mwezi huu kwisha, na utangaze hivyo mbele ya wengine.